Dakika za Ramani na Dakika za Saa

Barazani kwa mzee mmoja wa Ukonga huwezi kumaliza hadithi bila kukatizwa na ndege. Nyumba yake ipo upande ule ambako njia ya kurukia ya uwanja wa Julius Nyerere inaishia, na ndege ikipita juu ya paa mabati hulia, kuku huinama, na kila mtu hunyamaza mpaka mngurumo upite. Wageni hukunja nyuso. Mwenye nyumba hutazama saa yake ya mishale, ambayo mkanda wake umeshonwashonwa, kisha hunyanyua kidevu juu kama anayeitikia salamu ya mpita njia. "Nairobi huyo," atasema. "Kachelewa dakika sita. Nne atazipata njiani, mbili ndizo zimekwenda."

Hiyo ni miezi ya kusi. Kaskazi likishika, kuanzia Desemba, mambo hugeuka. Ndege hupenda kuruka na kutua zikiwa zimeuelekezea upepo uso, na njia kuu ya Dar es Salaam imelazwa kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, karibu sawa na pepo zilezile mbili zilizokuwa zikileta majahazi na kuyarudisha. Ncha moja ya njia imeandikwa 05, maana yake nyuzi 50 za dira. Ncha ya pili 23, nyuzi 230. Likivuma kusi, watu wa Ukonga hupata ndege zinazoondoka, zimebeba mafuta na kelele zote. Likivuma kaskazi hupata zinazoingia, zimeshusha magurudumu, zinapita kwa adabu kidogo. Wapo wakazi wa pale wanaojua msimu umegeuka kabla hawajatazama mti wowote.

Mzee huyu alikuwa dispacha. Ukilitaja neno hilo mjini, watu hudhani unamsema mtu wa kupanga mabasi stendi, na kwa kweli hawajakosea sana. Kabla rubani hajafika kwenye ndege, kuna mtu aliyekwisha kuisafiri safari yote akiwa amekaa kitini: ameichagua njia, ameichagua kimo, amesoma hali ya hewa ya huku na ya kule, amepima uzito, amehesabu mafuta, na ameandika dakika ambayo magurudumu yatagusa ardhi. Rubani husoma karatasi zile, huuliza maswali, na mara nyingi huomba mafuta zaidi. Kisha safari huanza, na yule aliyeitengeneza hubaki chini na kikombe cha chai, akisubiri kuona kama dunia itafuata hesabu yake.

Mimi nilikwenda kwake na lalamiko. Nilikuwa nimekata tiketi ya Nairobi, na tiketi ilisema saa moja na dakika ishirini. Nami nilikuwa nimefanya hesabu ya darasa la sita: kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi kwa mstari ulionyooka ni kilomita 667, na ndege ya jeti ikishatulia juu huenda kama kilomita 830 kwa saa. Gawanya. Unapata dakika 48. Nilitaka kujua zile dakika 32 zimekwenda wapi, na nilikuwa na dhana yangu tayari, kwamba wenye ndege hujiwekea akiba ya uongo ili wasilaumiwe wakichelewa.

"Hiyo ipo kidogo," alisema. "Lakini si thelathini na mbili. Lete kalenda ile."

Ilikuwa kalenda ya mwaka uliopita, kubwa, ya duka la vifaa vya ujenzi. Aliigeuza upande mweupe, akaomba kalamu.

Sikutegemea kwamba angeanza na umbali wenyewe. Nilidhani hilo tulikwisha kulimaliza, kwa kuwa nambari nilikuwa nayo, nimeitoa kwenye simu. Hakuitaka. Aliandika kwa kichwa mahali viwanja vilipo: Dar es Salaam, nyuzi 6 na dakika 52 kusini, nyuzi 39 na dakika 12 mashariki. Nairobi, yaani Embakasi, nyuzi 1 na dakika 19 kusini, nyuzi 36 na dakika 56 mashariki. Akatoa. Kwenda kaskazini, nyuzi 5 na dakika 33, ambazo ni dakika 333. Kwenda magharibi, nyuzi 2 na dakika 16, ambazo ni dakika 136.

Hapa alisimamisha kalamu ili nielewe jambo ambalo, miaka yote ya jiografia shuleni, hakuna aliyenipa. Dakika moja ya latitudo, yaani moja ya sitini ya uzi mmoja kwenye ramani, ndiyo maili moja ya baharini. Si bahati. Maili ile ilitungwa hivyo, ikakatwa kutoka kwenye mwili wa dunia, na leo imekubaliwa kuwa mita 1,852. Kwa hiyo nahodha au rubani akishajua dakika za ramani amekwisha kujua maili. Hana haja ya rula. Dakika za longitudo hufupika kadiri unavyoiacha ikweta, lakini sisi tunakaa mlangoni pa ikweta, na ufupi wake hapa ni mdogo kiasi cha kupuuzwa. Basi ikabaki pembetatu ya shule: 333 mara 333, jumlisha 136 mara 136, tafuta kipeuo cha pili. Maili 360. Zidisha kwa 1,852, na kilomita 667 zangu zikatokea chini ya kalenda, zimetoka mahali palipo wazi, kila hatua inaonekana.

Nilimwuliza kwa nini ajisumbue ilhali programu ingefanya hivyo kabla hajafungua kifuniko cha kalamu. Alisema programu ni nzuri, ameitumia miaka mingi, na haichoki saa tisa za usiku kama yeye. Ila programu ukiilisha uwanja usio wenyewe, itakupa njia safi kabisa ya kwenda usikokwenda. Vijana aliowafundisha aliwakataza kubonyeza kabla ya kukisia. Kisia kwanza, andika kisio lako pembeni, ndipo ubonyeze. Nambari mbili zikiachana sana, mmoja wenu amelala.

Kisha akachora mstari, na mstari ule ndio ulionifanya nisahau lalamiko langu.

Aliuanzia Dar es Salaam na kuupandisha kuelekea kaskazini, ukiinamia magharibi kidogo, na kando yake akaandika majina. Bagamoyo, mkono wa kushoto, mstari ukiwa juu ya maji. Saadani. Halafu Korogwe, chini ya tumbo la ndege kabisa. Lushoto na milima ya Usambara. Mkomazi. Ziwa Jipe, ambapo nchi moja inakwisha na nyingine inaanza. Kilimanjaro kushoto, vilima vya Chyulu kulia, na ndege inapita katikati kama mtu anayepita mlangoni. Halafu tambarare za Wamasai na Athi, mpaka Embakasi. Mtu aliyesafiri kwa basi ameitambua nusu ya orodha hii: hadi Korogwe, na Mombo pale chini ya mlima, basi na ndege ni ndugu. Baada ya hapo basi hufuata barabara kwenda Same, Moshi, Arusha na Namanga, na huzoa karibu kilomita 900 kabla ya kuiona Nairobi. Ndege hupita upande wa pili wa mlima.

Na mlima huo si pambo. Wanafunzi wa urubani, pale uwanja wa Wilson jijini Nairobi kama kwingineko, hufundishwa kanuni ya moja kwa sitini: ukikosea mwelekeo kwa uzi mmoja, kila maili 60 unazokwenda utakuwa nje ya mstari kwa maili moja. Mzee alipima kwenye kalenda. Kutoka Dar es Salaam hadi usawa wa Kilimanjaro ni kama maili 247. Kilele cha Kibo kiko maili kama 16 kushoto ya mstari. Fanya hesabu ya sitini, unapata nyuzi nne. "Nyuzi nne tu," alisema, akaonyesha kwa vidole viwili nafasi isiyotosha hata punje ya mchele. Rubani wa zamani, asiye na setilaiti, mwenye dira na saa, akiwa ndani ya wingu, alikuwa na nafasi ya nyuzi nne kati ya kufika Nairobi na kufika kwenye mita 5,895 za mawe na barafu. Ndiyo maana watu wale walikuwa wakitazama dirishani kwa bidii kuliko abiria.

Turudi kwenye dakika 32.

Muda wa tiketi hauanzi magurudumu yakiacha ardhi. Unaanza vizuizi vikiondolewa kwenye magurudumu pale maegeshoni, na unakwisha vikirudishwa. Kwa hiyo kuna kusukumwa nyuma, kuwasha injini, kujikokota hadi ncha ya njia, na kusubiri anayetua. Weka dakika kumi. Kisha ndege inaruka, lakini katika miezi ya kusi inaruka ikielekea kusini-magharibi, kwenye mabati ya mzee, ilhali Nairobi iko nyuma ya bega lake la kulia. Lazima igeuke nyuzi zaidi ya mia moja kabla haijaanza kwenda inakokwenda. Na kupanda si kusafiri: injini zinasukuma kwa nguvu zote huku mwendo ukiwa bado mdogo, na inachukua dakika kama ishirini kufika futi 36,000. Wakati huo ndege imekwisha kula maili 120. Iko juu ya Usambara.

Kushuka kuna kanuni yake, na hiyo ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Kwa kila futi elfu moja za kushuka, jipe maili tatu. Embakasi ipo juu, zaidi ya futi 5,300 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo kutoka futi 36,000 kuna futi elfu 31 za kuondoa. Tatu mara 31 ni 93. Ongeza maili kumi za kupunguzia mwendo. Toa hizo 103 katika 360, na utaona kwamba rubani anaanza kushuka punde tu Kilimanjaro inapoachwa nyuma. Maana yake ni kwamba safari hii, ambayo sisi tunaiita kuruka hadi Nairobi, ndani yake mna kuruka kwa utulivu kuanzia Lushoto hadi Kilimanjaro tu. Dakika kumi na nane. Ile kasi ya kilomita 830 niliyoitumia kugawanya safari nzima ni kasi ya dakika kumi na nane. Huduma ya vinywaji ya safari hii nimeitazama kwa macho mengine tangu siku hiyo. Wale vijana wenye kigari wana muda mfupi kuliko mhudumu wa mgahawa wa stendi.

Halafu kuna kujipanga. Nairobi mara nyingi upepo hutoka mashariki, na ndege hutua zikielekea nyuzi 60. Anayetoka Dar es Salaam anafika akielekea kaskazini, uwanja uko karibu mbele yake, lakini hawezi kutua papo hapo. Inambidi apite upande wa magharibi, azunguke, aingie juu ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, swala na simba chini ya mbawa, ndipo aione njia. Dakika saba hivi. Halafu tano za kujikokota hadi mlangoni.

Alijumlisha kwa sauti, kama mwenye duka: kumi za ardhini, ishirini za kupanda, kumi na nane za utulivu, ishirini za kushuka, saba za kuzunguka, tano za kuegesha. Themanini. Saa moja na dakika ishirini. Akaipigia mstari, akanisukumia kalenda.

Nilitazama zile dakika 360 za ramani upande mmoja wa karatasi na zile 80 za saa upande mwingine, nikaona kwamba kazi ya maisha yake yote ilikuwa kuzigeuza za kwanza ziwe za pili. Lugha yetu inaziita kwa jina moja. Yeye hakuwahi kuzichanganya.

Lakini alikuwa na saa nyingine ya kuchanganya. Wenye kazi ya anga duniani kote hutumia saa moja, ile ya Greenwich, ambayo wao huiita Zulu. Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele yake. Tena sisi tunaohesabu saa kuanzia alfajiri tuna saa yetu wenyewe, ambayo iko saa sita nyuma ya ile iliyoandikwa kwenye tiketi. Mzee aliishi na zote tatu. Nyumbani ndege iliondoka saa moja asubuhi, kwenye tiketi saa 07:00, kwenye karatasi za ofisini 04:00. Njia yake ya mkato ilikuwa rahisi mpaka inachekesha: chukua saa ya Kiswahili, ongeza tatu, umepata Zulu. Moja na tatu ni nne. Alisema Wazungu aliofanya nao kazi walitoa saa tatu kutoka kwenye saa yao na mara kwa mara walikosea usiku wa manane, pale tarehe inaporudi nyuma; yeye alijumlisha tu. Kwa tarehe, bila shaka, alikuwa makini kama wao.

Kuhusu pepo nilitarajia hadithi ndefu, lakini katika safari hii fupi hazina mengi. Karibu na ikweta pepo za juu mara nyingi hutoka mashariki na ni za pole. Ukienda kusini hadi Johannesburg wakati wa kipupwe chao, utazikuta zimegeuka, zinatoka magharibi, na ni kali. Hata hivyo alinipa hesabu moja niende nayo nyumbani. Chukua safari inayokaribia ile ya Nairobi na Lagos, tuseme kilomita 3,600 ili nambari ziwe nyepesi, ndege ya kilomita 800 kwa saa, na upepo wa kilomita 100 kwa saa. Kwenda unaupinga, kurudi unakusukuma. Je, vinafutana? Nilisema ndiyo. Kila mtu husema ndiyo. Kwenda unakwenda kwa 700: saa tano na dakika karibu tisa. Kurudi kwa 900: saa nne kamili. Jumla saa tisa na dakika tisa. Bila upepo zingekuwa saa tisa tu. Upepo umekukopa dakika tisa na hautarudisha, kwa sababu unakaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo mbaya kuliko ndani ya mzuri.

Kuna jambo moja kuhusu vimo ambalo abiria hupita ndani yake bila kulijua. Ndege zinazoelekea upande wa magharibi wa dira, kuanzia nyuzi 180 hadi 359, hupewa vimo shufwa: futi 34,000, 36,000. Zinazoelekea upande wa mashariki hupewa witiri: 35,000, 37,000. Dar es Salaam kwenda Nairobi ni nyuzi kama 338, kwa hiyo shufwa. Kurudi ni 158, kwa hiyo witiri. Nafasi kati ya anayekwenda na anayerudi ni futi elfu moja, mita 300. Zamani, juu ya futi 29,000, iliachwa nafasi ya futi elfu mbili, kwa kuwa vipimo vya kimo havikuaminika huko juu. Anga ya Afrika ilipunguziwa nafasi hiyo mwaka 2008. Mara mbili tatu nimeiona ndege nyingine ikipita chini yetu karibu na Usambara, ikitokea mbele na kutoweka kama kisu kilichotupwa. Sasa najua ilikuwa mahali pake hasa.

Nilichelewa kumwuliza kuhusu mafuta, nadhani kwa sababu nilidhani ni hesabu kavu. Ndiyo iliyomtoa kitini.

Abiria wengi hufikiri tangi hujazwa, kama lori la kwenda Tunduma. Halijazwi. Mafuta yana uzito, na uzito hula mafuta: katika safari ndefu, kwa kila kilo mia za ziada unazobeba, kilo tatu au nne huteketea kila saa kwa kazi ya kuzibeba zile nyingine tu. Kwa hiyo dispacha huweka kinachotosha, na neno kutosha lina mafungu. Mafuta ya kujikokota ardhini. Ya safari. Asilimia tano ya safari kwa yale yasiyotarajiwa. Ya kutoka uwanja wa kwenda hadi uwanja wa akiba, ikiwa wa kwanza umefungwa na ukungu, kama Nairobi inavyoweza kufanya asubuhi za Julai. Na mwisho kabisa, ya kuzunguka hewani dakika 30 juu ya uwanja huo wa akiba, ambayo hupangwi kuyagusa.

Uwanja wa akiba ndipo ujuzi wa mtu unapoonekana. Kwa anayekwenda Nairobi kuna Kilimanjaro, kuna Mombasa. Kwa anayekwenda Dar es Salaam, ulio karibu kuliko yote ni Zanzibar, maili 40 tu, na kwenye karatasi unapendeza: akiba ndogo, ndege nyepesi. Mwezi wa nne, wakati wa masika, mzee hakuuandika kamwe. Wingu moja linaweza kukaa juu ya miji yote miwili, mguu huku mguu kule. Aliandika Mombasa, akalipa uzito wake, na akajibu maswali ya wakubwa kesho yake.

Kisha akanitajia ndege ya Ethiopian Airlines ya Novemba 1996. Ilikuwa Boeing 767 inatoka Addis Ababa, kituo cha kwanza Nairobi. Watekaji waliiteka wakataka ipelekwe Australia. Nahodha Leul Abate aliwaambia mafuta hayatoshi. Wao walikuwa wamesoma kwenye jarida la ndani ya ndege kwamba ndege ya aina ile inaweza kukaa hewani saa 11, wakaona anawadanganya. Hakuwadanganya. Saa 11 zilikuwa uwezo wa tangi lililojaa, na ndani ya tangi mlikuwa na safari ya Nairobi pamoja na akiba yake. Rubani aliifuata pwani kuelekea kusini, kisha wakamtoa baharini, na mafuta yakaisha karibu na Ngazija. Alijaribu kuitua majini mbele ya ufuko wa watalii. Kati ya watu 175, walikufa 125. Mzee alisimulia hayo taratibu, akitazama uani. Alisema mtu fulani Addis Ababa aliandika karatasi ya mafuta ya safari ile, akaiandika sawasawa, na amekuwa akimfikiria mtu huyo kwa miaka mingi kuliko alivyowafikiria watekaji.

Tulikaa kimya. Ndege ndogo ya mapangaboi mawili ilipita, na hapo alirudi kwenye uchangamfu wake kwa kunionyesha kwamba huyo naye, kama ni ATR inayokwenda Nairobi, hesabu yetu yote haimhusu: anakwenda kama kilomita 500 kwa saa na hapandi juu ya futi 25,000. Atachelewa kufika, lakini Kilimanjaro ataitazama karibu uso kwa uso, maana kilele kiko zaidi ya futi 19,000. Yeye mwenyewe akisafiri huchagua hizo. Haraka ya nini, na ameshastaafu?

Wenye haraka wakumbuke pia zilikotoka dakika hizi. East African Airways ilipoanza Januari 1946, ilianza na ndege sita za Dragon Rapide, za mbao na kitambaa, zenye mwendo wa kilomita 210 hivi kwa saa. Hata kwa mstari ulionyooka ingekuwa zaidi ya saa tatu. Embakasi ilifunguliwa mwaka 1958, na leo njia yake ina urefu wa mita 4,117, kwa sababu katika hewa nyembamba ya kimo kile ndege nzito huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla mbawa hazijapata cha kukamata. Halafu ukaja mwaka 1977: shirika likavunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, na haukufunguliwa hadi 1983. Miaka sita ile maili 360 hazikuongezeka hata moja kwenye ramani. Mzee alipofika hapo alifunika kalamu.

Mabaharia wa bahari yetu wasingeona ajabu kwamba umbali na muda vigeuzwe kimoja kuwa kingine. Mafundi wa bahari wa zama za Ahmad ibn Majid, karne ya 15, walihesabu njia kwa zam, ambayo ni umbali ambao chombo huukata kwa saa tatu, na latitudo waliipima kwa isba, yaani kidole, wakinyoosha kibao chenye uzi kati ya jicho na nyota. Sisi nasi, ukimwuliza mtu Tanga ni mbali kiasi gani, atakujibu kwa saa.

Nilikwenda Nairobi, nikakaa kushoto, na mlima ulitokea kwa dakika yake. Lakini safari ninayoikumbuka ni ya kurudi, jioni, nje giza limeshaingia. Kurudi kimo ni witiri, futi 35,000. Dar es Salaam iko usawa wa bahari. Tatu mara 35 ni 105, na kidogo juu yake. Nilikuwa nimeitazama saa kwa muda, nikikisia. Injini zikanyamaza ghafla, ile hali ya sauti kushuka kama mtu aliyepumua, na pua ikainama kidogo. Mama aliyekaa pembeni yangu, kitenge mabegani, mkoba mapajani safari nzima, alinigusa mkono.

"Mwanangu, ndo tumefika wapi?"

"Korogwe, mama."

Aliinama mbele yangu akatazama nje, ambako hapakuwa na kitu ila taa chache zilizotawanyika chini kabisa. Akarudi kitini.

"Korogwe," alisema. "Na hawasimami watu wakala?"